Mtakatifu Yohane Bosco, Mwalimu Aliyecheza na Wanafunzi Wake

Tangu mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga milango ya makanisa na shule katika nchi nyingi, mafundisho ya dini kwa vijana yamehamia kwa sehemu katika intaneti. Katekista huketi mbele ya kompyuta au simu, na vijana wa miaka 13 hadi 19 humsikiliza, kila mmoja akiwa kwao. Ili wasisinzie, walimu wengi wameanza kutumia michezo: chemshabongo za Maandiko Matakatifu ambazo mshindi hupewa alama, mafumbo ya kutafuta jina la nabii, safari za kubuni kutoka Misri mpaka Nchi ya Ahadi ambamo kila jibu la kweli humsogeza mchezaji hatua moja. Wako wazazi wanaofurahia jambo hilo, na wako wanaonung'unika kwamba Neno la Mungu limegeuzwa kuwa mchezo wa watoto. Kabla ya kuamua nani ana haki, tumeona heri tumkumbuke padre mmoja aliyelaumiwa kwa neno hilo hilo yapata miaka 180 iliyopita, akavumilia lawama yake, na mwisho akatangazwa mtakatifu.

Yohane Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, karibu na Castelnuovo d'Asti, kaskazini ya Italia. Baba yake, Francesco, alikufa mwaka 1817, mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, hakujua kusoma. Lakini alizijua sala na habari za Maandiko kwa moyo, na ndiye aliyekuwa katekista wa kwanza wa mwanawe. Watu wale walikuwa wakulima maskini, na mtoto alichunga ng'ombe na kushika jembe kama wenzake.

Alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi aliota ndoto ambayo hakuisahau maisha yake yote. Aliona kundi la watoto wakicheza uwanjani, na wengine wao wakitukana. Naye akawarukia kwa ngumi. Ndipo akatokea mtu mwenye heshima, akamwambia kwamba watoto hao atawapata kwa upole na mapendo, wala si kwa mapigo. Msomaji aangalie vema mahali pa ndoto hiyo. Haikuwa kanisani wala darasani, bali katika uwanja wa michezo, na hapo ndipo alipofanyia kazi yake karibu miaka hamsini.

Siku za gulio na sikukuu walifika vijijini watu wa sarakasi na wa mazingaombwe. Yohane alijipenyeza mpaka mstari wa mbele, akawatazama mikono bila kupepesa, kisha akarudi nyumbani kujizoeza, akaanguka na kuinuka mpaka akajua. Basi Jumapili alasiri alifunga kamba kati ya miti miwili katika uwanja wa nyasi pale Becchi, akaweka kiti na meza, na majirani wakakusanyika, wakubwa kwa wadogo. Lakini mchezo ulikuwa na ada yake. Kwanza walisali rozari, wakaimba wimbo mmoja. Kisha kijana akapanda juu ya kiti, akayarudia maelezo ya Injili aliyoyasikia asubuhi kanisani. Aliyekataa kusali alikataliwa kutazama. Baada ya hayo tu ndipo alipotembea juu ya kamba, akasimama kwa mikono, akatoa sarafu puani mwa mtazamaji. Mtu aweza kusema kwamba hiyo ilikuwa hila ya mtoto. Sisi twaona kwamba hata hapo mwanzo alikuwa amekwisha tambua jambo lililowaponyoka walimu wengi wenye elimu: aliwapa watu Injili na furaha mkono ule ule, wala hapakuwa na mmoja aliyewafundisha na mwingine aliyewafurahisha.

Mwaka 1831 alikwenda kusoma Chieri, akijilipia chakula kwa kazi za mikono. Huko aliunda pamoja na wenzake chama walichokiita Chama cha Furaha. Sheria zake zilikuwa chache: kila mwanachama ajiepushe na neno au tendo lisilomfaa Mkristo, atimize wajibu wake wa shule na wa dini, na awe mchangamfu. Siku moja alifika mjini mwanasarakasi hodari, akafanya michezo yake siku za Jumapili hata vijana wakaliacha kanisa. Yohane hakumlaani. Alishindana naye. Wakapiga mbio, wakaruka mfereji, wakachezesha fimbo juu ya vidole, na mwisho wakapanda mti mrefu. Kila mara Yohane alishinda, na dau likazidi kupanda hata yule mtu akapoteza faranga 240, yaani karibu mali yake yote. Vijana walimhurumia. Wakamrudishia fedha zake, kwa sharti kwamba awalipie chakula cha pamoja na asiwavute tena watu saa za ibada. Wakala, wakacheka, wakaachana wakiwa marafiki.

Hapo yafuata jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita upesi. Mwaka 1835, alipovaa kanzu na kuingia seminari, Yohane aliandika maazimio ya maisha mapya, na kati ya hayo aliapa kuacha michezo ya hadharani, mazingaombwe, sarakasi, uwindaji, na hata zeze lake. Aliona kwamba mambo hayo hayapatani na heshima ya padre. Basi mtu huyu hakuwa mpenda michezo aliyetafuta kisingizio. Aliiacha kweli, na kwa gharama. Aliporudi kuichukua tena baadaye, hakuichukua kwa ajili ya nafsi yake.

Alipadirishwa huko Torino tarehe 5 Juni 1841. Padre Giuseppe Cafasso, mwalimu wake wa roho, alimpeleka katika magereza ya mji, na huko akaona jambo lililomkata moyo: vijana wenye afya na akili wamefungiwa pamoja na wahalifu wakongwe, na waliofunguliwa wakirudishwa tena baada ya muda mfupi kwa sababu nje hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Torino wakati ule ulikuwa mji unaokua. Watoto walishuka kutoka milimani kutafuta kazi ya kubeba mawe na chokaa kwa waashi, wakalala walipopata, wala hawakuwa na parokia iliyowajua.

Tarehe 8 Desemba 1841, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, Padre Bosco alikuwa akijitayarisha kwa Misa katika kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Mtunza sakristia alimkuta humo kijana mmoja, akamwamuru atumikie Misa. Naye aliposema hajui, akampiga na kumfukuza. Padre akaagiza arudishwe, akisema huyo ni rafiki yake. Kijana aliitwa Bartolomeo Garelli, mwashi mwenye umri wa miaka kumi na sita, yatima, hajui kusoma, na hata Komunyo ya kwanza hajapokea. Husimuliwa kwamba padre alimwuliza swali baada ya swali, kama ajua hiki ama kile, na jibu lilikuwa hapana kila mara, mpaka alipomwuliza kama ajua kupiga mluzi, naye akatabasamu. Hapo somo la kwanza likaanza, kwa ishara ya msalaba. Jumapili iliyofuata Garelli alileta wenzake.

Walipoongezeka, ndipo taabu ilipoanza. Kwa maana vijana mamia hawawezi kusoma katekisimu siku nzima, na Padre Bosco hakutaka waondoke baada ya somo na kurudi mitaani. Alitaka siku yote ya Jumapili iwe yao: Misa, maungamo, chakula kidogo, michezo, mafundisho, michezo tena, baraka ya jioni. Lakini ni nani aliyetaka makelele hayo karibu na nyumba yake? Mwaka 1845 walikwenda kwenye kanisa la makaburi la Mtakatifu Petro katika Minyororo. Mtumishi wa kike wa padre wa mahali pale alikasirishwa na mbio na vifijo, na barua ikaenda mjini, wakafukuzwa. Wakahamia kwenye vinu vya unga. Wenye vinu wakashtaki. Wakapanga vyumba katika nyumba ya Moretta. Wapangaji wenzao wakalalamika. Wakakodi uwanja wa nyasi wa ndugu wawili waitwao Filippi, na huko Padre Bosco aliketi ukingoni akiungamisha huku wengine wakicheza, na ngoma au tarumbeta ikawaita wanyamaze wasikilize. Mwisho wenye uwanja nao walisema kwamba nyasi zao zimekanyagwa hata mizizi.

Wakubwa wa mji walimtilia shaka. Marchese Michele di Cavour, msimamizi wa usalama wa Torino, alidhani kwamba padre anayefuatwa na mamia ya vijana wenye misuli aweza kuwa hatari kwa serikali; akatuma askari wawatazame siku za Jumapili. Mapadre wenzake walinong'ona kwamba amechanganyikiwa, na wawili walikuja na gari la farasi ili wampeleke katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi alivyowaheshimu kwa kuwatanguliza kuingia garini, kisha akafunga mlango kwa kishindo na kumwamuru mwendesha gari aende mbio. Mama tajiri, Giulia di Barolo, aliyempa kazi na mshahara, alimtaka achague kati ya kazi hiyo na vijana wake. Akachagua vijana, akabaki bila mshahara. Tunayakumbusha hayo kwa sababu siku hizi tunamwona katika picha akitabasamu kati ya watoto, na twadhani kwamba kila mtu alimpigia makofi.

Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, waliingia katika banda la mtu aitwaye Pinardi, mahali paitwapo Valdocco. Banda lilikuwa chini mno hata ikabidi kuchimba sakafu ili mtu asimame wima. Julai ya mwaka ule Padre Bosco aliugua mapafu kwa uchovu, akakaribia kufa, na vijana wa kazi za uashi wakafunga na kusali kwa zamu mpaka akapona. Novemba akarudi kutoka kijijini pamoja na mama yake, aliyeacha nyumba yake kuja kuwapikia na kuwashonea watoto wasio wake.

Sasa tufike katika mafundisho yenyewe, maana hapo ndipo wengi hukosa kumwelewa. Michezo ya Valdocco haikuwa chambo cha kuwavuta vijana ili baadaye wachoshwe na somo. Somo nalo alilitengeneza kwa uangalifu ule ule. Shule ya Jumapili ilikuwa na upungufu unaojulikana na kila katekista: kinachofundishwa leo husahauliwa kabla ya Jumapili nyingine. Basi Padre Bosco alipunguza. Aliwapa swali moja au mawili ya katekisimu, wakayasoma na kuyarudia juma zima, na Jumapili iliyofuata wakayasema kabla ya kupewa mengine. Alipotafuta kitabu cha historia ya Biblia cha kuwafaa, alivikuta virefu, vya lugha ngumu, na vingine vina habari zisizofaa kwa umri wao. Akaandika chake mwenyewe, kilichochapishwa mwaka 1847, katika masomo mafupi ya maswali na majibu, pamoja na picha. Kila mara alitaka neno ambalo mtoto wa mkulima atalielewa.

Kisha akafanya jambo lililowashangaza waalimu wa mji. Baada ya miezi michache aliwaita watu wasikilize. Vijana wale wale wa chokaa na mawe walisimama mbele ya hadhara, wakaulizwa habari za historia yote ya Biblia na nchi zilimotendeka, nao wakajibu. Kati ya wasikilizaji alikuwapo Padre Ferrante Aporti, mwanzilishi mashuhuri wa shule za watoto wadogo katika Italia, pamoja na wenye vyeo katika elimu, na wote wakasifu. Mwaka 1849, serikali ilipokuwa karibu kulazimisha vipimo vipya vya mita na kilo, aliandika kitabu cha kuvieleza, kisha akatunga mchezo wa kuigiza ambamo vijana walipimiana bidhaa na kubishana jukwaani, na watazamaji wakajifunza huku wakicheka. Tungependa kila mwalimu anayetunga chemshabongo ya intaneti afikiri juu ya kijana yule wa Valdocco aliyesimama kujibu. Hakuwa akibonyeza jibu moja kati ya manne. Ilimpasa kuisimulia habari ya Yosefu au ya Daudi kwa maneno yake, mbele ya watu, na kuonyesha ilitendeka nchi gani. Mchezo unaomdai kijana kidogo kuliko hapo humpa alama tu.

Wala isidhaniwe kwamba michezo ile haikuleta hasara. Giuseppe Brosio, kijana aliyekuwa amepata kuwa askari, aliwafundisha wenzake gwaride kwa bunduki za mbao. Siku moja ya sikukuu walipigana vita vya mchezo kwa ari kubwa, hata jeshi moja likarudi nyuma na kuikanyaga bustani ya mboga ya Mama Margherita, wasiache jani. Mama yule alichoka. Alimwambia mwanawe kwamba hawezi tena. Nguo zachanika, masufuria yapotea, na sasa mboga. Afadhali arudi Becchi. Padre Bosco hakujibu neno. Alinyosha mkono kuelekea msalaba uliotundikwa ukutani. Mama akatazama, akarudi kazini, akakaa hapo mpaka alipokufa tarehe 25 Novemba 1856.

Kazi ilikua upesi. Mwaka 1859 aliwakusanya vijana aliowalea mwenyewe akaanzisha nao shirika la Wasalesiani, na mwaka 1872, pamoja na Maria Mazzarello, shirika la masista. Mwaka 1875 aliwapeleka wamisionari wa kwanza Argentina. Wafuasi wake walifika Lubumbashi, katika Kongo, mwaka 1911, na Kenya na Tanzania mwaka 1980. Mwaka 1877 aliandika kijitabu kifupi cha kueleza namna yake ya malezi, ambamo alishauri vijana wapewe uhuru mkubwa wa kukimbia, kuruka na kupiga kelele, pamoja na muziki, maigizo na matembezi, mradi mambo yenyewe na watu wanaoyaongoza wawe wema.

Lakini mwaka 1884 alipatwa na huzuni. Alikuwa Roma, mwenye umri wa miaka 68, mwili umechoka. Tarehe 10 Mei aliandikiwa barua na katibu wake, Padre Lemoyne, kwa ajili ya nyumba ya Valdocco, akisimulia ndoto. Wanafunzi wake wawili wa zamani walimwonyesha uwanja mara mbili. Kwanza aliuona ulivyokuwa kabla ya mwaka 1870: vijana wakikimbia, wakiimba, wakicheka, na mapadre wakiwa katikati yao wakicheza nao. Kisha akauona ulivyokuwa sasa. Uwanja ulikuwa ule ule, na vijana walikuwa wengi zaidi, lakini wengine waliegemea nguzo kwa uvivu, wengine walijitenga na kunong'onezana, na hata waliocheza walicheza bila furaha. Alitafuta wako wapi mapadre. Wachache tu walikuwa wakicheza. Wengine walitembea wakizungumza wao kwa wao, au walitazama kwa mbali, au walionya kwa ukali.

Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba walezi wale bado waliwapenda vijana na kuwafanyia kazi usiku na mchana, lakini vijana hawakuujua upendo huo. Mlezi asiyependa kile anachokipenda kijana, yaani mchezo wake, hatapata kijana wa kupenda kile anachokipenda mlezi, yaani somo, kazi na sala. Aliyekuwa akipendwa kama baba na kaka sasa aliogopwa kama mkubwa wa kazi.

Kwa maoni yetu barua hiyo inagusa moja kwa moja ugomvi tuliouanza. Michezo ilikuwa imebaki Valdocco, na mipira haikuibwa. Kilichopungua ni mwalimu ndani ya mchezo. Katekista wa leo aweza kutuma chemshabongo nzuri kwa vijana thelathini, akazima kamera yake, akasubiri kompyuta imhesabie alama. Huyo ni yule padre wa ndoto aliyetembea pembeni. Mwingine, mwenye simu moja na maswali aliyoyaandika kwa mkono, hucheza nao, hukosea nao, humwita kwa jina yule ambaye majuma mawili hajasema neno, na kumwuliza habari za mama yake aliye mgonjwa. Mzazi anayenung'unika na aangalie kwanza ni yupi kati ya hao wawili aliye mbele ya mtoto wake.

Padre Bosco alirudi Torino Mei ile ile. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa muda mrefu, naye hakuweza tena kukimbia. Hata hivyo aliendelea kushuka uwanjani akiegemea mkono wa mtu, na vijana walimzunguka. Alikufa alfajiri ya tarehe 31 Januari 1888, na Papa Pio XI akamtangaza mtakatifu siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934. Chumba alimofia kiko Valdocco hata leo, juu ya uwanja ule ule.